Sarufi ya Sarafu

Wanaisimu walizipanga nomino katika ngeli, wakapumzika. Mashine za kuuza vitu kwa sarafu hakuna aliyezishughulikia, ilhali nazo huishi kwa upatanisho: kiambishi kikikosewa kidogo, sentensi nzima inatemwa. Mfano wetu ni Japani, nchi ya mashine za soda na chai kila kona, na sarafu yake ya yeni 500.

Sarafu hiyo ina vizazi vitatu. Babu alizaliwa 1982, wa shaba na nikeli, gramu 7.2. Aliyemponza ni jirani, won 500 ya Korea Kusini: metali zilezile, kipenyo kilekile cha milimita 26.5, uzito umezidi nusu gramu tu, na thamani karibu moja ya kumi. Wajanja waliitoboa kidogo kwa keekee ili ipungue, wakaitumbukiza, wakavuta mpini wa kurudishia, ikatoka yeni 500 halali. Kisarufi, huyo ni mgeni aliyeiga lafudhi hadi akapewa uraia. Ndipo mwaka 2000 akaja mtoto, ametiwa zinki, gramu 7.0, na 1 Novemba 2021 mjukuu, wa rangi mbili, gramu 7.1.

Mjukuu huyu, aliyeletwa kuwakomesha waghushi, ndiye anayeshukiwa. Ndani ya mashine sarafu hubingirika mbele ya koili za umeme zinazopima kipenyo, unene na metali, kisha vipimo hulinganishwa na orodha iliyomo kwenye kumbukumbu. Sura haitazamwi, sheria haisomwi. Asiyemo kwenye orodha ni mwizi, hata kama ametoka kiwandani mwa serikali asubuhi hiyohiyo.

Sasa ngeli zenyewe. Iliyoenea ni ya KU-, yaani kutema. Sarafu huingia, hulia *kring*, hulala kwenye trei. Mteja huiokota, huifuta kwenye suruali, huitumbukiza tena polepole, kama anayemrudia neno mtu asiyejua lugha. *Kring*. Jaribio la tatu hufanywa kwa hasira, nayo hasira haina koili ya kuipima.

Ngeli ya KI- ni ya kibandiko: mashine za tikiti kwenye migahawa ya rameni, zilizobandikwa karatasi kwamba yeni 500 mpya haitumiki. Hii naiheshimu. Mwenye mgahawa amepiga hesabu: kubadilisha kisomaji ni gharama, bakuli la tambi halipandi bei kwa sababu hiyo, na noti mpya nazo zilikuwa njiani (zilitoka 3 Julai 2024). Karatasi na gundi si ghali.

Ngeli za mahali ndizo zinazotatiza. Mashine mbili husimama bega kwa bega. Hapa inapokea, pale inakataa. Utanzu wa MU-, ambamo sarafu huingia mle isitoke wala soda isishuke, ni adimu. Watafiti wake hutambulika kwa kuipigapiga mashine ubavuni.

Limebaki jambo la babu. Mtoto alipozaliwa, mashine nyingi zilimfuta mzee kwenye orodha, ingawa kisheria bado ni pesa. Kwa hiyo ipo mashine inayomjua wa katikati peke yake. Watumbukize babu na mjukuu: watakutana kwenye trei, mmoja mweupe, mmoja wa rangi mbili, na kiu yako iko palepale.