Gesi Kuisha Mbele ya Wakwe

Miongoni mwa fedheha zinazoweza kuifika nyumba ya kisasa, hakuna inayochelewa kupoa kama ile ya gesi kuisha wakati wakwe wameshakaa sebuleni, mchele wa pilau umeshatiwa na maji yake bado hayajakauka. Mwenyeji, ambaye katika salamu alikwisha kudokeza kwamba siku hizi kwake hapapikwi kwa mkaa, hulazimika kupita mbele ya wageni hao hao na jiko la mkaa aliloazima kwa jirani, huku mama mkwe akiuliza, kwa upole unaouma kuliko tusi, kama asaidie kupepea.

Kinachozidisha uchungu ni kwamba mtungi hautoi onyo, na sababu yake inastaajabisha. Kilichomo ndani, kwa sehemu kubwa, ni kimiminika, yaani mchanganyiko wa propani na butani uliosindikwa kwa shinikizo, kwa kuwa lita moja ya kimiminika hicho hutoa takriban lita 250 za gesi, na hakuna jiko lenye nafasi ya kuihifadhi. Propani huchemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri na butani huchemka karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo valvu inapofunguliwa kimiminika huchemka humo humo mtungini pasipo kuwashiwa moto, na hukinyang'anya chuma cha mtungi na hewa ya jikoni joto la kuchemkia. Joto la namna hiyo, linalobadili hali ya kitu bila kupandisha nyuzijoto zake, huitwa joto fiche. Joseph Black, aliyelichunguza kwa vipimo huko Glasgow katika miaka ya 1760, alitumia barafu na maji, vitu visivyo na wakwe.

Ndiyo maana mtungi unaotumika kwa nguvu hupoa hadi ukatoka jasho, ambalo ni mvuke wa hewani uliorudi kuwa maji. Ndiyo maana pia moto haufifii kwa adabu, kwani shinikizo la mvuke ulio juu ya kimiminika hufuata ujoto wake, wala halijali sana kiasi kilichobaki, hivyo kijiko cha mwisho husukuma karibu sawa na lita ya kwanza. Wajuzi wa nyumbani huutikisa mtungi wakiusikiliza kwa makini ya daktari, na wengine huulaza ubavu, kitendo cha hatari kubwa, kwa sababu hupeleka kimiminika chenyewe kwenye mpira na kurusha ndimi za moto.

Shahidi wa kuaminika ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake, kwa hiyo kinachobaki ni hesabu ya kutoa, lakini mizani ya muuzaji iko kwa fundi, na huko kwa fundi imekaa miaka. Hapa mzaha hauna budi kukoma, maana anayelipia kilo 6 bila kupimiwa amelipia maneno matupu. Huko Makete na Njombe, katika baridi ya Julai, propani hutangulia kutoka na butani hubaki chini ikichemka kwa kusuasua, mtungi ukadhaniwa umekwisha na kurudishwa dukani, na hakuna shilingi inayopunguzwa kwenye bei kwa ajili ya mabaki hayo. Mwenye duka huyapokea kimya kimya, na siku ya pili mteja yule yule hurudi kununua.

Wala si gesi peke yake inayoaibisha watu kwa kubadili hali. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo chupa iliyotoka Tanga ikimiminika huwasili Njombe imeshikamana, na aliyeituma hushukiwa kutia mafuta ya ng'ombe.

Naftalini ya kabatini, nayo, huruka kutoka yabisi hadi gesi bila kupitia kimiminika, na husafiri na shati la arusini hadi ukumbini, ambako meza nzima humwachia nafasi mwenye shati.