Sufuria ya Madereva

Wageni wa posa ya binti yetu walikuwa waingie saa sita mchana. Saa mbili asubuhi nikaenda nyuma ya jikoni kuiinua sufuria kubwa, ambayo kwa zaidi ya miaka minne ilikuwa imelala kifudifudi juu ya mafiga matatu, chini ya mwarobaini. Nikashika mkono wa kushoto, nikashika wa kulia, nikainua kiasi cha vidole vinne. Nilitarajia mjusi.

Kabla sijafika kwenye jicho langu, acha niieleze sufuria, maana bila hiyo hamtanielewa, na mke wangu atasema mimi ni mkaidi tu.

Tulikuwa na kibanda cha chakula hapa Voi, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, pale malori yalipokuwa yakiegesha. Mama watoto alipika, mimi nikashika kisanduku cha pesa na kujiita meneja. Sufuria ile ilikuwa ya pilau, alumini nene, na ilipofunuliwa mchana harufu ilivuka lami ikawaita madereva upande wa pili. Walikula wenyewe, wakala mataniboi wao, na wengine wakafungiwa ya njiani.

Halafu ikaja reli mpya. Abiria walianza kupanda mwaka 2017 na tukawapungia mikono kwa furaha kama watu wengine. Januari 2018 ikaanza mizigo. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yapakiwe kwenye treni, na malori yakaanza kupungua mbele ya kibanda chetu, wiki hii kumi, wiki ijayo sita. Treni hupita hapa ndefu kweli, lakini behewa halishuki kuomba pilipili.

Mama watoto alifunga kibanda bila kilio. Alitaka na sufuria iende kwa watu wa vyuma chakavu. Nikakataa katakata. "Siku madereva wakirudi, tutawapikia kwenye kikombe?" Akanitazama tu, akaigeuza kifudifudi isijae maji.

Na walirudi! Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudishwa bandarini Mombasa. Nilisikia redioni nikamwita mke wangu kutoka bafuni na sabuni kichwani. Nilichokuwa sijui ni kwamba malori yanaweza kurudi na wateja wasirudi. Miaka ile dereva alishajifunza kula kwingine, Mariakani, na kubeba chupa yake ya chai. Walipita wakipiga honi. Mimi nilipunga, kwa sababu meneja hana budi kupunga.

Wakati huo mama watoto alikuwa amehamia kwa nyuki.

Shamba la mama yake liko Sagalla ya chini, upande wa Tsavo. Mwaka 1988, baada ya majangili, tembo wa Tsavo walikuwa pungufu ya 6,000. Sensa ya 2021 iliwahesabu karibu 15,000. Habari njema hiyo, isipokuwa kwa mtu mwenye mahindi. Hapo Sagalla ndipo watafiti wa Save the Elephants, chini ya Dokta Lucy King, walipowazoesha wakulima ua wa mizinga. Mizinga hutundikwa kwenye vigingi kuzunguka shamba, ikaunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kuuliza ni nani. Tembo ana ngozi nene, lakini si machoni, wala si ndani ya mkonga.

Nilicheka sana mwaka 2022. Ukame ulikuwa umekausha kila kitu. Serikali ilitangaza kuwa tembo 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Maua hayakuwepo, nyuki walihama, na mke wangu bado alipanda bodaboda kwenda Sagalla kukagua masanduku matupu.

"Mizinga yako na sufuria yangu," nikamwambia, "tofauti yake ni nini?"

"Mzee, mimi nangoja nyuki. Nyuki wakirudi hawatakuwa wamezoea kula Mariakani."

Mvua ya Novemba 2023 ilishuka kwa hasira. Barabara zilikatika, na msituni kila kijiti kikatoa ua. Mizinga ikajaa. Nyumba nayo ikageuka karakana: fremu kitandani kwa watoto, nta ikiyeyushwa kwenye sufuria ya uji, mke wangu akinukia kama mshumaa. Nta hupakwa ndani ya mzinga mpya ili nyuki wanaotafuta makao wavutwe na harufu. Alikuwa akipaka mizinga nta chini ya mwarobaini, na mikono akijifutia popote. Hilo nililijua baadaye.

Basi nikainua vidole vinne.

Wa kwanza alinichoma kwenye kope. Wa pili na wa tatu sikuwahesabu. Niliiachia sufuria, ikalia kama kengele ya kanisa, na hapo ndipo nyuki walipokasirika hasa. Nilikimbilia ndani nikafunga mlango, nikamwacha nje mbuzi wa kitoweo, amefungwa kamba mtini. Mama watoto ndiye aliyejifunika blanketi la maji, akaenda, akakata kamba, akarudi naye. Mbuzi akaingia sebuleni, akapanda kochi jipya la wageni.

Mama mkwe wangu alikuwa amelala kwetu kwa ajili ya shughuli hiyo. Mimi naye, kwa heshima, huongea tukitazama pembeni, na siku hiyo ilikuwa rahisi kwa kuwa nilikuwa na jicho moja.

"Msiwaguse mpaka usiku," alisema. "Usiku wote watakuwa wamerudi nyumbani. Moto usiwashwe huko nyuma. Na huyo mbuzi hachinjwi leo, damu na kelele hazitakiwi."

Mama watoto akachukua bodaboda kwenda Sagalla kuleta mzinga mtupu na vazi la kurinia. Akasimama mlangoni, akanionyesha gunia la mchele kwa kidevu. "Pilau unaijua. Umeiuza miaka tisa."

Niliijua kutoka upande wa kisanduku. Niliazima sufuria ndogo tano kwa majirani na majiko matatu ya makaa, nikayapanga barazani mbele ya nyumba, kila mpita njia akiona. Mama mkwe alikaa kwenye kiti akanielekeza akitazama barabara: kitunguu kiwe rangi ya udongo wa Voi, si rangi ya makaa, sasa viazi, sasa bizari, funika, wacha kuchungulia. Jicho moja lilivimba, la pili lililizwa na vitunguu. Ndivyo wakwe walivyonikuta, na mwiko mkononi, saa sita kamili, maana watu wa Mwatate walioshinda miaka kwenye mkonge hawachelewi.

Mzee wao alinisalimia, akaangalia huku na huku. "Baba wa msichana yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akavua kofia. Walipoingia ndani mbuzi alikuwa bado kochini, na hakuona sababu ya kusimama.

Wakala. Sufuria mbili zilikuwa nzuri, mbili bokoboko, moja iliungua. Pilau bila nyama, ile ambayo madereva wangeiita njeri. Mazungumzo ya mahari yakaanza, na katikati ya hesabu ya mbuzi, mzee wao akatega sikio.

"Mna jenereta?"

Ilibidi tuseme. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba kwa hatari waliyoletewa ng'ombe mmoja apunguzwe. Binamu zangu wakaanza kukohoa. Mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu wageni waketi, akasema, "Hao ndio wanaowazuia tembo wasile chakula cha huyu binti. Kwa hiyo ongezeni mbuzi." Wakaongeza.

Usiku mama watoto alivaa vazi jeupe. Bomba la moshi lilijazwa kinyesi kikavu cha tembo, ambacho huwaka polepole na kutoa moshi mzito (nyumba ilinuka mbuga mpaka Krismasi). Mimi nilipewa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, kwa kuwa nyuki hawaoni wekundu. Alikata masega moja moja, akayafunga kwenye fremu, akitafuta malkia, akiwaongelesha kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu tuoane. Mzinga ukaondoka na pikapu kabla ya alfajiri.

Nilisugua sufuria siku mbili kwa mchanga na majivu. Alama za nta hazikutoka, na ukichemsha maji yanakuwa na utamu wa mbali.

Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya miaka tisa ya Sagalla: katika misimu ya mazao kustawi, ua wa mizinga uliwarudisha hata tembo 86 kati ya kila 100 waliousogelea. Mama watoto alimsomea mama yake kwa simu. Mama mkwe akasema ni kweli, na hao 14 anawajua kwa sura.

Sasa chupa za asali zinapangwa kwenye meza palipokuwa na kibanda, na mimi nashika kisanduku. Madereva kadhaa husimama. Mmoja wa zamani aliniuliza juzi, "Meneja, pilau?" Nikampa bei ya nusu lita.

Masika yalipoanza nilitoka usiku, nikaikalisha sufuria vizuri juu ya mafiga, upande mmoja juu kidogo, nikachukua bonge la nta nikaanza kupaka ndani kwa kiganja. Nikahisi mtu nyuma yangu.

"Mzee, si hiyo ni ya madereva?"

Nikamwambia ashike tochi.