Familia Iliyotungiwa Maagizo

Kwa: Kamati ya Kitaifa ya Kukabiliana na Dharura ya Virusi vya Korona, Nairobi

KUH: KAYA ILIYOKUSUDIWA NA MAAGIZO YA 2020, NA ZILIZOSAHAULIWA

Familia iliyotungiwa maagizo ya korona nchini Kenya ina wazazi wawili, watoto wawili na vyumba visivyopungua vitano. Maji hayakatiki bombani. Kila mtoto ana meza yake, kompyuta yake na mlango wa kufunga akitaka utulivu. Baba na mama hulipwa mwisho wa mwezi hata wasipotoka nje, na friji lao lina chakula cha wiki mbili. Mmoja wao akianza kukohoa, hutengewa chumba chenye choo ndani, na wengine humwekea sahani mlangoni. Hakuna agizo lililoitaja familia hii, lakini kila agizo lilitolewa kana kwamba ndiyo inayoishi kuanzia Lunga Lunga hadi Lokichoggio. Kamati inastahili pongezi kwa kuilinda. Haikupata taabu hata kidogo.

Familia zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zilipokea maagizo yaleyale bila kukabidhiwa nyumba ya kuyatekelezea.

Kisa cha kwanza kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, za kutwa kuanzia kesho yake na za bweni kufikia katikati ya wiki. Agizo hilo peke yake si rahisi kulilaumu, kwa kuwa nchi nyingi zilifunga shule mwezi huohuo na hakuna aliyejua ugonjwa ungefika wapi. La kustaajabisha ni hesabu iliyofuata. Katika mitaa mingi shule ni darasa, na pia ni mahali pa kupata mlo wa mchana, mahali pa kunawa mikono, na mahali pa kumwacha mtoto mzazi anapokwenda kutafuta kibarua. Kazi hizo zote zilihamishiwa nyumbani kwa hotuba moja ya runinga, na nyumba hazikuongezwa hata futi moja.

Masomo, ilielezwa, yangeendelea kwa redio, runinga na intaneti. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilikuwa na vipindi tayari, na vingine vilikuwa vizuri. Ila sensa ya Agosti 2019, iliyofanywa na serikali hiyohiyo miezi saba kabla ya shule kufungwa, ilikuwa imekwisha kuhesabu kaya zenye vyombo vya kuvipokea. Zenye runinga zilikuwa asilimia 40.7. Zenye kompyuta, ukijumlisha na tableti, asilimia 8.8. Takwimu hizo zilikuwepo, zimechapishwa na kujaladiwa. Yamkini kabati zilimokuwa lilikuwa nalo karantini.

Mfano wa masomo hayo katika chumba cha futi kumi kwa kumi, Mukuru au Kibra, mitaa ya mabanda ya Nairobi, unafaa kuelezwa polepole. Pazia linagawa chumba, nyuma yake kitanda, mbele yake kochi, jiko la mafuta na mitungi ya maji ya lita ishirini. Redio ipo, lakini mtoto wa gredi ya pili, wa darasa la sita na wa kidato cha tatu hawawezi kusikiliza somo moja, na kipindi cha mmoja kikianza wengine wawili hutumwa nje, ambako wameagizwa wasiende. Simu yenye WhatsApp ni moja, nayo ni ya baba. Baba hutoka alfajiri kafyu inapokwisha, akaondoka nayo, kwa sababu mwajiri wa siku humwita kwa simu hiyohiyo. Mwalimu hutuma kazi ya hisabati saa tatu asubuhi. Kazi hiyo hufika nyumbani jioni mfukoni mwa baba, bando likiwa limekwisha na betri ikiwa chini. Mtoto huiona kesho yake, au keshokutwa, ikiwa imefunikwa na kazi nyingine nne. Kwa lugha ya ripoti, mtoto huyo alihesabiwa kuwa anasoma kwa mbali. Umbali wenyewe haukuwa na ubishi.

Ufumbuzi ulitafutwa juu zaidi. Julai 2020 maputo ya Loon, ya kampuni ya Marekani ya Alphabet, yalianza kutoa huduma ya intaneti nchini yakielea kilomita zipatazo 20 angani, na Kenya ikapongezwa kwa kutangulia Afrika. Ni mwezi huohuo ambapo Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 ungehesabiwa kuwa haukuwepo na kila mwanafunzi angerudia darasa lake. Januari 2021, mwezi ambao shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote waliobaki, Alphabet ikatangaza kwamba inaifunga Loon. Kwa hiyo intaneti ya angani ilikuwepo katika muda ambao madarasa mengi yalikuwa yamefungwa, na bado mtoto wa Mukuru alikuwa akimngoja baba arudi na simu.

Kufutwa kwa mwaka kunahitaji maelezo, maana si jambo la kawaida serikali kuondoa miezi kumi na miwili kwenye kalenda. Mwaka ulifutwa shuleni tu. Mwenye nyumba hakuufuta. Alidai kodi ya kila mwezi wa mwaka ambao haukuwepo, na katika mitaa kadhaa wapangaji walioshindwa kulipa waling'olewa milango au mabati ya paa. Kamati ilikuwa imewataka wakae ndani, na maagizo hayakufafanua ndani ni wapi paa linapokuwa limeondoka. Watoto nao waliendelea kukua. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na mitano Machi aliingia Januari akiwa amekaribia kumi na sita, na si wote waliorudi. Kuna walioolewa, kuna waliopata mimba, kuna waliozoea kuuza barakoa na matunda barabarani wakaona senti za kila siku zina maana kuliko kidato.

Walimu waligawanyika makundi mawili. Walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu waliendelea kulipwa. Wale wa shule za kibinafsi, hasa zile ndogo za mitaani zinazotegemea karo ya wazazi wa vibarua, walipoteza mshahara mara karo ilipokoma. Baadhi walishika toroli, wengine jembe. Katika Kaunti ya Kirinyaga shule moja ya kibinafsi iligeuza darasa kuwa banda la kuku, na ubaoni, palipokuwa na hesabu, pakaandikwa ratiba ya chanjo za kuku. Ni haki kusema kwamba huo ulikuwa mpango wa chanjo uliokwenda kwa wakati.

Kufungua shule kulihitaji tahadhari kubwa, na Kamati ilizingatia hilo. Kwanza zilifunguliwa baa. Mwishoni mwa Septemba 2020 ziliruhusiwa kuuza pombe hadi saa nne usiku, baada ya miezi ambayo nyingi zilikuwa zimegundua ghafla kwamba zilikuwa mikahawa tangu zamani. Oktoba 12 wakafuata wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Mpangilio huo ulieleweka: mlevi anajulikana kwa kukaa mbali na mwenzake.

Kafyu ilianza Ijumaa ya Machi 27, 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mombasa ilipata somo lake mapema, kabla hata ya saa yenyewe kugonga. Watu waliotoka kazini walikuwa kwenye kivuko wakingoja feri ya kuwavusha hadi Likoni, wamebanana kama wanavyobanana kila jioni kwa kuwa njia ya kuvuka ni hiyo, polisi wakawashukia kwa virungu na vitoa machozi. Ugonjwa unaoenezwa kwa kukohoa ulikabiliwa kwa gesi ya kukohoza watu. Rais aliomba radhi Aprili 1 kwa nguvu zilizotumika. Siku mbili kabla ya radhi hiyo, usiku wa Machi 30, mvulana wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi na kufa akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi. Agizo la kukaa nyumbani alikuwa amelitii.

Usafiri ulipangwa kwa uwiano. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na nauli ya viti sita vilivyokaa wazi ikagawanywa kwa hao wanane. Asiyevaa barakoa alikabiliwa na faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita gerezani, ambako kujitenga na wenzake kungekuwa kazi ngumu zaidi. Kuanzia Aprili, kuingia na kutoka eneo la Nairobi kulizuiwa, na Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata. Mazishi yalisazwa, kwa idadi ndogo ya waombolezaji na vibali. Mwezi huohuo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akalazimika kuueleza umma habari za watu waliosafiri kutoka Nairobi hadi Homa Bay na jeneza lisilo na maiti. Hukumu juu ya watu hao imekwisha kutolewa na wengi. Barua hii inataja tu kwamba katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47 aliyekuwa na ruhusa ya wazi ya kwenda kwao alikuwa maiti, na kwamba wananchi husoma sheria kwa makini kuliko wanavyodhaniwa.

Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa Mei 6, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, katikati ya Ramadhani, ukakaa hivyo kwa mwezi mzima. Misikiti ilikuwa imekwisha kufungwa, tarawehe ikaswaliwa sebuleni. Hilo wenyeji walilistahimili. Lakini Ramadhani ni msimu wa mapato ya akina mama: viazi karai, bajia, kaimati na mkate wa sinia vinavyopangwa mezani nje ya nyumba baada ya alasiri, ambavyo faida yake huwavika watoto nguo za Idi. Wanunuzi kutoka Majengo na Kisauni hawakuweza kuingia, na waliomo ndani walikuwa wauzaji wenzao. Katika nyumba za ukoo, ambamo bibi, mashangazi na wajukuu hutumia ua mmoja, kutengana kwa mita moja na nusu kulimaanisha bibi aketi jikoni na wajukuu walale barazani, na baraza liko nje, na nje pamekatazwa.

Shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 4, 2021. Kwa kuwa mwaka uliofutwa ulibaki kuwa deni, Wizara ikaulipa kwa haraka: muhula ulifupishwa hadi wiki kumi hivi, likizo zikawa za siku chache, na mihula minne ikabanwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2022 taifa lilifanya mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, mara mbili, Machi na Novemba. Mzazi ambaye kibarua chake hakikuwahi kurudi kama zamani alitafuta karo mara nne mahali pa tatu, na sanduku la bweni halikuwahi kupanguswa vumbi la safari. Mwishoni mwa 2021 mabweni kadhaa yaliungua moto. Wakuu walisema ni utovu wa nidhamu. Wanafunzi walisema wamechoka. Kalenda ya kawaida ilirudi Januari 2023, na hakuna kikao kilichoitishwa kuuliza darasa lile la gredi ya pili, lililofundishwa kusoma kwa redio ya zamu, lilikuwa limejifunza herufi ngapi.

Nakala: Wizara ya Elimu, Wizara ya Afya, Inspekta Jenerali wa Polisi, wenye nyumba wote.