Akiba ya Mgeni Anayeitwa Dharura

Mwongozo huu ni wa mpangaji wa ghorofa ya nne mwenye vyumba viwili, sebule na kibaraza cha kuanikia nguo, ambaye usiku mmoja amesoma habari mbaya kwenye simu na kuapa kwamba yeye hatakutwa hana kitu kama majirani zake. Mwandishi ana ujuzi wa kutosha. Makosa yote yaliyomo humu ameyafanya kwa mikono yake mwenyewe, na mengine ameyarudia.

Falsafa yake ni fupi, maana wahenga walishaimaliza: akiba haiozi. Ni kweli kwamba wahenga hao walikuwa na kihenge kilichoinuliwa juu ya miti, kikipigwa na upepo, na mahindi yaliyokaushwa juani hadi yakalia mdomoni ukiyang'ata. Wewe una uvungu wa kitanda Sinza. Methali haikubagua, basi tuanze.

Hatua ya kwanza: Tafuta mwalimu wa mbali

Walimu bora wako Utah, Marekani, ambako Wamormoni wamehimizwa na kanisa lao kwa vizazi vingi kuweka chakula ndani. Huko hewa ni kavu, baridi ni kali, na nyumba nyingi zina chumba chini ya ardhi. Utaona kwenye video ndoo zimepangwa hadi darini, ngano ndani yake ikisubiri miaka ishirini na zaidi. Iga kila kitu. Chumvi yako ya jikoni imelowa koponi bila kumwagiwa tone la maji, na kiberiti kimegoma kuwaka tangu masika yaanze, lakini usiyachukulie hayo kuwa ni dokezo lolote kuhusu hewa ya Dar es Salaam.

Usijiulize pia ni maafa gani hasa yanayokupata wewe. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Kila masika makubwa Bonde la Msimbazi hujaa, barabara ya Jangwani hufungwa, na aliye Magomeni huiona Kariakoo kwa macho tu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Zanzibar zilisimama. Hayo yote hupimwa kwa siku, yakizidi sana kwa wiki. Anayejiandaa kwa siku tatu hadi wiki mbili hana cha kusimulia. Wewe jiandae kwa kiyama.

Hatua ya pili: Piga hesabu ya mwaka mzima

Hesabu za chakula cha msaada huanzia kwenye gramu 400 hivi za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za kunde au maharage, na mafuta kidogo. Kwa familia ya watu watano, mwaka mmoja unataka nafaka kilo 730 na maharage kilo 110. Nafaka peke yake ni magunia saba ya kilo mia, na ushee. Usiigawe hesabu hiyo kwa 26, kwani utagundua kwamba akiba ya wiki mbili ni nafaka kilo 28 na maharage kilo nne na kidogo, vitu vinavyoenea kwenye kabati moja la jikoni, na hapo hamu yote itakuishia.

Hatua ya tatu: Nenda Tandale mvua ikinyesha

Mahindi hununuliwa baada ya mavuno, yakiwa makavu na bei imelala. Kwa hiyo wewe nenda sokoni masika, bei ikiwa imesimama na magunia yamefunikwa turubai linalovuja. Chagua lumbesa, ule ujazo uliopigwa marufuku kila mara na haukomi. Wabeba mizigo watakubali bei ya chini, kisha mkifika mlangoni watauliza, "Boss, ghorofa ya ngapi?" Hapo bei itapanda ngazi pamoja nanyi.

Usikubali kufundishwa kupima unyevu. Kuna watu watakuambia uchukue chupa ya kioo iliyokauka, utie mahindi kidogo na kijiko cha chumvi kavu, utikise, kisha usubiri robo saa: chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Watu hao wanakupotezea muda. Pia watakutisha kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Haionekani wala haina ladha, na moto wa ugali hauiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, katika nyumba ambazo zilikuwa zikila chakula chao cha kila siku. Hapa hata mwandishi wa dhihaka huweka kalamu chini kidogo. Nafaka iliyoota ukungu hutupwa. Usipepete ukapika iliyobaki, na usiwape kuku.

Hatua ya nne: Ficha kila kitu uvunguni

Weka magunia moja kwa moja kwenye sakafu na uyaegemeze ukutani, ili saruji iyanyweshe unyevu kwa utulivu. Magunia ya zamani yapange nyuma na mapya mbele, kusudi usiyafikie ya zamani hata siku moja. Usiandike tarehe. Akili yako itakumbuka.

Baada ya miezi miwili utasikia usiku mtu akitafuna chini ya godoro. Huyo ni dumuzi, mzaliwa wa Amerika ya Kati, aliyeonekana kwetu kwanza huko Tabora takriban miaka arobaini na mitano iliyopita, kisha akasambaa Afrika kwa kusafiri na magunia ya nafaka. Anatoboa mahindi, mihogo mikavu, mbao na hata plastiki. Ukimwachia gunia atakurudishia unga, tena bila kukudai pesa ya mashine.

Dawa yake unaweza kuikataa kwa urahisi kwa kuwa ni rahisi mno. Dumuzi na fukusi wanapumua kama wewe. Ukitia nafaka iliyokauka vizuri kwenye mfuko wa tabaka tatu unaofungwa hewa isipite, au maharage kwenye dumu safi lililokauka, ukajaza hadi shingoni na kukaza kizibo, watamaliza hewa iliyomo na kufa humo humo bila dawa yoyote. Lakini ukishafunga, hutaweza kufungua kila jioni kuwaonyesha wageni. Raha ya akiba iko wapi basi?

Kuhusu unga, nunua dona, tena nyingi. Dona ina kiini cha mahindi, kiini kina mafuta, na mafuta kwenye joto la pwani hugeuka uchungu ndani ya wiki chache. Mchele mweupe uliofungwa vizuri hukaa muda mrefu zaidi, lakini dona ndiyo yenye afya, na wewe unataka kufa ukiwa na afya.

Hatua ya tano: Yazeeshe maharage

Maharage yaliyokaa mwaka na zaidi kwenye joto na unyevu hayaharibiki, ila huwa sugu. Utayaloweka usiku kucha, utayachemsha asubuhi, mchana utayabonyeza, nayo yatakutazama. Mtungi wa gesi utaisha kabla hayajalainika. Hii ndiyo akiba iliyokamilika, kwa sababu huila akiba nyingine: maharage hula gesi, gesi ikiisha mchele hauliki, na maji uliyoyapandisha ghorofani yameishia kwenye sufuria ya kuongezea.

Hatua ya sita: Pandisha ziwa kibarazani

Maji ya ghorofani hupandishwa na pampu, na pampu hunywa umeme. Umeme ukikatika, maji hufuata. Kwa watu watano, lita 15 kwa kila mmoja kwa siku ndicho kiwango cha chini cha kunywa, kupika na kuoga kidogo. Siku tatu ni lita 225, yaani madumu kumi na mawili ya lita ishirini, yaliyotawanywa pembeni mwa kuta, jikoni na bafuni. Hiyo ni kazi ya wanyonge. Wewe nunua tangi la plastiki la lita 1,000, ulivute kwa kamba hadi kibarazani na ulijaze.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi lako sasa lina uzito wa tani moja juu ya eneo la mita moja ya mraba hivi, wakati sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na kibaraza kwa zaidi kidogo tu. Jirani wa ghorofa ya tatu akiuliza kuhusu ufa mpya kwenye dari lake, mwambie ni mambo ya saruji.

Liache tangi wazi lipate hewa. Mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hapendi matope. Anataka maji safi yaliyotulia karibu na watu, na huuma mchana. Ndani ya siku kumi hivi atakuwa ameshakua kutoka yai hadi mbawa. Kifuniko kingemkatisha tamaa.

Hatua ya saba: Jiandalie moto usiouomba

Gesi ikiisha, washa jiko la mkaa chumbani na ufunge madirisha ili joto lisipotee. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini bila kuwapa nafasi ya kukohoa. Mitungi ya akiba panga kwenye kona isiyo na upepo: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja itatambaa sakafuni na kungoja cheche. Dirisha lililotiwa nondo lisiwe na sehemu ya kufunguka, na magunia yaliyozidi yamwagwe kwenye ngazi, kwa kuwa ngazi ni mali ya wote. Namba ya Zimamoto ni 114. Usiibandike mlangoni, itaharibu rangi.

Hatua ya mwisho: Usimkaribishe mama yako

Mimi mwandishi nilikosea hapa. Pasaka ya 2024 mama alikuja kutoka Maswa, mkononi ana kapu la michembe na matobolwa. Kwa asiyejua, vyote ni viazi vitamu vikavu vya Usukumani. Michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, na kula kwake lazima upike. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa, hivyo mtu huyatafuna hivi hivi njiani.

Jumamosi aliinama kutafuta ndala zake akaona uvungu. Akakaa chini.

"Mwanangu, chakula chote hiki ni cha nani?"

"Ni cha dharura, mama."

"Dharura ni nani? Mbona haji kula?"

Sikuwa na jibu. Alivuta gunia la kwanza, akachota, akanusa, akalirudishia kamba bila kusema neno. La pili halikuwa gunia tena, ulikuwa mfuko wa vumbi lenye miguu. Maharage aliyapa heshima ya kuyapika Jumapili nzima. Jioni gesi ikaisha, na maharage bado yalikuwa na msimamo wao.

Usiku huo, kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, Gridi ya Taifa ikapata hitilafu na nchi ikazimika. Pampu ya jengo ikanyamaza. Friji ilikuwa imejaa nyama ya sikukuu. Friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa hata siku mbili; mimi niliifungua kila dakika kumi kuona kama ubaridi umebaki, mpaka ukaisha kabisa. Nilikuwa na chakula cha mwaka mzima, na hakuna hata kimoja kilicholika bila moto na maji.

Mama akavuta kapu. Tukakaa kibarazani, tumeegemea lile tangi, watoto wanatafuna matobolwa na karanga na kuomba mengine. Kabla ya siku kwisha umeme ulirudi nyumbani kwetu. Dharura niliyemwandalia siku 365 alikaa saa chache akaondoka, hata bila kuvua viatu.

Wiki iliyofuata mama alipanga kabati. Mchele kidogo, maharage ya mavuno ya karibuni kwenye dumu lililokazwa, dagaa, karanga, sukari, chumvi, na kapu lake likawekwa pembeni. Kila kipya alikisukuma nyuma, kila cha zamani akakivuta mbele, akaamuru kwamba kila wiki tule cha mbele na kununua cha nyuma. Nilimwambia hiyo si akiba, ni manunuzi ya kawaida.

Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni, begi begani, akalitazama kabati mara ya mwisho.

"Huyo mgeni wako akija tena, akute mnakula. Mgeni hapewi kiporo cha mwaka jana."