Sifa za Bolti Iliyoshika Kutu

Washairi wamelisifu embe, na waimbaji wamemsifu kila mwenye fedha ya kutunza. Bolti ya shokapu ya nyuma, iliyoganda chini ya Corolla ya mwaka 1996, haijasifiwa na yeyote. Wanaoitaja huitaja wakiwa wamelala chali, vumbi limewajaa machoni, na maneno yao hayachapishiki. Leo naisimamia.

Kosa lake ni lipi? Iliajiriwa kushika, nayo imeshika. Huko Japani ilikazwa kwa kipimo, ikaachwa hapo. Gari limebadilisha wenyewe, rangi, redio, hata injini. Bolti haijasogea hata nusu hesi. Nitajieni mtumishi mwingine anayezidisha alichoagizwa bila kudai posho.

Msimamo huo haukuja kwa siku moja. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Katikati ya hesi za bolti na nati hakuna pa kutanukia, basi kutu inabana tu. Chumvi huiharakisha kazi hiyo. Na bolti yetu imesomea vyuo viwili: kwanza majira ya baridi ya kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, kisha upepo wa bahari wa Dar es Salaam na madimbwi ya masika. Msomi wa namna hiyo hashawishiki haraka.

Fundi huja na spana namba 14, amejiamini. Kona za kichwa zimekwisha kuliwa: 14 inacheza, 13 haiingii. Anatafuta soketi ya 13 ambayo yuko tayari kuitoa kafara, anaigongelea kwa nyundo. Akikosea akachukua yenye kona 12 badala ya 6, inateleza na kumalizia hata kona zilizosalia. Anachomeka bomba kwenye mpini ili apate nguvu zaidi, bomba linapinda. Inapuliziwa WD-40, dawa iliyobuniwa Marekani mwaka 1953 na kutumika kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Angalieni heshima hiyo! Kombora la kuvuka mabara liliridhika na dawa ile; bolti ya Corolla inataka iachwe nayo usiku kucha, ndipo ifikirie.

Inachoheshimu ni moto. Gesi ikielekezwa kwenye nati mpaka iwe nyekundu, nati hutanuka, kutu hupasuka, na wawili hao huachana kwa yowe linalosikika mtaa wa pili. (Mpira wa bushi ukiungua hapo jirani, msiidai bolti.) Ziko zisizokubali hata hapo. Hizo hukatika: kichwa kinabaki kwenye soketi, mwili unabaki ndani ya chuma, na kazi iliyoahidiwa kuwa ya dakika kumi inaanza upya kwa drili.

Sasa hesabuni waliokula kwa sababu yake. Mwenye mtungi wa gesi. Mwenye drili. Kijana aliyetumwa Kariakoo kutafuta bolti ya kufanana, akarudi na isiyofanana, akatumwa tena kwa nauli nyingine. Mama lishe aliyeuza chai asubuhi na wali mchana kwa watu walewale, gari likiwa bado juu ya jeki. Bolti laini ingemlisha nani?

Ndiyo maana nawasihi, ndugu zangu wenye magari ya zamani: fundi akitaka kupaka grisi kwenye hesi kabla ya kufunga bolti mpya, mshikeni mkono. Grisi huzuia maji yasifike kwenye chuma, na miaka ijayo bolti hiyo itatoka kwa spana moja, kimya kimya, bila gesi, bila drili, bila chai. Mtakuwa mmefunga gereji ya watu.