Heshima Yako, Mafua Yangu

Kirusi cha mafua hakina miguu, hakina mabawa, na hakijawahi kulipa nauli. Lakini asubuhi kinapanda daladala Gongo la Mboto, mchana kiko Kariakoo kinapapasa vitenge, jioni kiko Mbezi kwenye kikao cha harusi. Nani anakibeba? Si majambazi. Kinabebwa na watu waliolelewa vizuri, wanaojua kusalimia.

Nayasema haya huku nikipenga kamasi, kwa hiyo mnivumilie.

Tuanze na dirisha la daladala. Gari limejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni, ndani watu wamebanana uso kwa kwapa, na mzee mmoja siti ya nyuma anakohoa kile kikohozi kizito kinachoanzia kisiginoni. Hapo dirisha ndiyo dawa pekee tuliyonayo. Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa, hata akiimba tu, hutoa vitone vidogo mno vyenye vijidudu, na vitone hivyo huweza kuelea hewani kwa saa kadhaa vikisubiri mapafu. Upepo ukipita, vinatawanyika. Mkijifungia, mnagawana.

Sasa dirisha lina mwenyewe, naye ni yule dada aliyekaa ubavuni mwake, katoka saluni jana. Mwombe afungue: "Kaka, upepo unaniharibia nywele." Mvua ikinyesha, linafungwa kwa mvua. Jua likiwaka, linafungwa kwa vumbi. Siku isiyo na mvua wala vumbi kuna mama mwenye mtoto, anasema upepo utampa mwanawe nimonia, na hapo abiria wote tunanyamaza, maana kubishana na mama mwenye mtoto ni kukosa adabu. Tunaendelea kuvuta pumzi ya mzee.

Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025, Tanzania ilikuwamo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Anayekohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa akapime makohozi, na akikutwa nacho, dawa katika vituo vya serikali ni bure. Mabango yamesema, redio zimesema. Lakini nani, ndani ya daladala, atageuka nyuma amwambie mtu wa umri wa baba yake habari za makohozi? Mimi nilimtazama tu. Akaniona namtazama, akatabasamu kwa upole. "Hali ya hewa hii, mwanangu."

Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Katika mji huu hakuna mtu aliyewahi kuumwa ugonjwa wa kuambukiza. Wote tunaumwa hali ya hewa. Mlinzi ana mafua ya baridi ya usiku. Jirani ana mafua ya vumbi la barabara inayochimbwa. Mhasibu wetu ofisini ana mafua ya AC, na mafua hayo ya AC yalipoanza kwake yakaenda kwa karani aliye mkono wake wa kulia, kisha kwa anayemfuatia, meza kwa meza, mpaka yakanifikia mimi karibu na choo. Nilipouliza AC gani hii inayofuata mpangilio wa viti, nikaambiwa nina roho mbaya. AC haizai virusi, jamani. Inachofanya ni kutufungia chumba kimoja na kuizungusha pumzi ya mhasibu hadi kila mmoja apate fungu lake.

Na mhasibu mwenyewe alikuja kazini kwa nia njema! Kukaa nyumbani kwa sababu ya mafua kwetu ni uvivu. Alikuja na kitambaa shingoni, macho yanatiririka, bosi akamsifu kikaoni: huyu ndiye mfanyakazi, anaumwa lakini yupo. Wiki iliyofuata hesabu za mwezi zilikwama, maana nusu ya wafanyakazi walikuwa kitandani wakilipia uchapakazi wa mtu mmoja.

Halafu kuna mkono.

Mnakumbuka Machi 2020, hofu ya korona ilipoingia? Ikulu, Dar es Salaam, Rais wa wakati ule, Magufuli, na mwanasiasa wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walisalimiana kwa kugusanisha miguu, picha ikazunguka nchi nzima. Kila duka likawa na ndoo ya koki mlangoni na kipande cha sabuni. Mafundi wa kuchomelea wakatengeneza vile vinara vya kukanyaga kwa mguu, maji yanatoka bila kugusa kitu. Kwa muda mfupi nikadhani tumestaarabika. Leo ndoo ya muuza duka wetu inatunziwa mkaa, koki bado inachungulia kwa chini. Ya mama lishe ina vitunguu. Kile kinara cha kukanyaga kimo uchochoroni, kimeanikiwa soksi.

Mkono umerudi, tena umerudi na riba. Huku kwetu hatupeani mkono tukaachana. Mkono unashikiliwa mpaka habari za nyumbani, za kazini na za watoto ziishe. Juzi nilikutana na bwana mmoja ninayemheshimu sana. Kabla hajanifikia alipiga chafya, akaizuia kwa kiganja kama mtu mstaarabu. Akakitazama kiganja. Akakifuta kwenye suruali, upande wa paja. Akaninyooshea. Nifanyeje? Nikikataa, jioni mtaa mzima unajua kwamba siku hizi naringa. Nikaupokea, bado una unyevu, akanishikilia mpaka tukamaliza habari za shamba lake la Mkuranga.

Msidhani maradhi haya ya kuoneana haya ni yetu peke yetu. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi katika wodi ya madaktari walikuwa wakifa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wodi ya wakunga. Sababu: madaktari na wanafunzi wao walikuwa wanatoka kupasua maiti, wanaingia moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe kwa maji yenye klorini. Aprili ya mwaka ule walikuwa wamekufa zaidi ya wazazi 18 katika kila 100. Juni, kunawa kukiwa kumeanza, walikufa kama 2 tu. Unadhani alipewa zawadi? Alichukiwa. Mabwana wakubwa wale waliona ni matusi kuambiwa kwamba mikono yao, yenye elimu yote ile, inaua. Semmelweis alifia katika nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1865. Sasa kama profesa wa Vienna hakutaka kuambiwa anawe, mimi nani nimwambie mtu mwenye shamba Mkuranga?

Lakini mkono si lolote mbele ya beseni. Nendeni kwenye shughuli yoyote, msiba au hitima. Chakula kikiwa tayari, beseni la maji linapita. Si birika la kumiminia na beseni la kupokelea chini, hapana. Beseni peke yake, maji yaleyale, mikono yote humo. Na kwa kuwa tuna heshima, wanaanza wazee. Wazee wametoka makaburini, udongo upo kuchani. Wanafuata watu wazima waliotoka kusalimiana na watu mia. Kisha vijana. Mwisho kabisa, maji yameshakuwa na rangi ya chai ya maziwa, yanawafikia watoto, nao wanachovya vidole, wanavitikisa, wanakimbilia sinia la wali. Anayehitaji maji safi kuliko wote ndiye anayepewa mchuzi wa ukoo.

Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, nilidhani beseni limefika mwisho wake. Kipindupindu hakirushwi na upepo. Kinatoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja, kinaingia kinywani mwa mwingine kwa njia ya maji, chakula na vidole, na kwa mgonjwa aliyezidiwa kinaweza kuua ndani ya saa chache. Beseni likapumzishwa kidogo. Mlipuko ulipokwisha, likarudi, safari hii na ndimu ikielea ndani, eti ndimu inaua wadudu. Sabuni ya kipande cha mia tano, inayovunja lile ganda la mafuta la virusi vingi na kung'oa uchafu uliobaki ukisugua kama sekunde 20 na kumalizia kwa maji yanayotiririka, hiyo haipo. Ukiiulizia, wenyeji wanatazamana.

Nisisahau wauza chipsi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vile vifuko laini vya kufungia bado vipo, na havifunguki. Kijana ameshika koleo kwa usafi wote, hagusi kiazi hata kimoja, nikaanza kumpenda. Akachukua kifuko, akalamba kidole gumba, akakisugua, kikagoma. Basi akakiweka mdomoni, akakipulizia pumzi ya kifua kizima kikafura, ndipo akamimina chipsi zangu ndani ya pumzi yake. "Kachumbari, mkubwa?"

Na ule ugonjwa wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024! Mji mzima ulivaa miwani ya jua mpaka usiku. Watu wakaamini unaupata kwa kutazamana, kwa hiyo wakawa wanakwepana macho na kupeana mikono. Kirusi kile hakisafiri kwa kutazamwa. Kinapita kwenye kidole kilichofikicha jicho, kwenye taulo moja la nyumba nzima, kwenye foronya. Fundi wangu wa simu alikuwa mwungwana sana: alivaa miwani nyeusi, akanigeuzia uso pembeni asije akaniambukiza. Kisha akapitisha kidole cha shahada chini ya miwani, akafikicha taratibu, kwa raha, na kwa kidole hichohicho akaupapasa uso wa simu yangu kutoka juu hadi chini kunionyesha kwamba imepona. Jirani yetu yeye alijitia chai ya rangi jichoni. Mwingine alishauriwa maziwa ya mama, na katika uchochoro wetu anayenyonyesha alikuwa mmoja tu, maskini, akawa anapita njia ya nyuma.

Wanaonyonyesha nao wana lao. Mtoto akizaliwa, ukoo unakuja kumwona, na kumwona maana yake ni kumbusu. Mtoto wa wiki mbili hana chanjo ya surua. Hapa nchini anaipata akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Kirusi cha surua kinaweza kubaki chumbani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka zake. Kabla ya miezi hiyo ngao yake kubwa ni kinga aliyoipata tumboni, ambayo inapungua kila siku, pamoja na akili za wazazi wake. Haya nilimweleza shangazi yake mke wangu, aliyekuja kutoka Morogoro na pua iliyoziba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mafua haya ni ya kawaida tu, ya safari," akambusu mtoto wetu mashavu yote mawili, akaniuliza kama kwetu tulilelewa hivi.

Ndipo nikanunua ndoo yangu mwenyewe, yenye koki, nikaiweka kibarazani na sabuni iliyofungwa kwa kamba isitembee. Sikuandika neno lolote. Siku mbili hazikupita, mjumbe wa shina akaja, akasimama mbali, nje ya fensi. "Ndugu, tumesikia ndani kuna mgonjwa." Hakuna. "Watu wanasema kipindupindu." Nikamwambia ni ndoo tu, ya kunawa. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anavyotikisiwa mtu anayeficha msiba, akaondoka bila kunipa mkono.

Tangu siku hiyo hatugongewi hodi. Muuza maji anatua madumu getini na kuita kwa mbali. Wanaokuja kukopa chumvi wamehamia nyumba ya pili. Mtoto halii usiku kwa kuzibwa pua, nyumba nzima imepona, nimebaki mimi tu na kamasi zangu, na kwa mara ya kwanza nimesoma gazeti lote, mpaka matangazo ya minada. Nisiseme uongo, maisha ya mshukiwa wa kipindupindu yamenipendeza sana.

Mke wangu hayajampendeza. Jumamosi ni zamu yetu kupokea kikoba, wanawake kumi na tisa, pilau na kuku, na amesema hawezi kuaibishwa na ndoo mlangoni kama zahanati. Iondoke. Shangazi yuko upande wake. Wameshalitoa kabatini lile beseni kubwa la maua mekundu, la harusi yetu, wamelisugua likang'aa, wameliegemeza ukutani likauke.

Nimekubali, ndoo nitaiondoa. Beseni nimeshalitoboa.