Sifa za Kiherehere

Mashujaa wana washairi wao. Mimi leo nakisifu kiherehere cha moyo, kile kinacholowesha viganja na kukausha mdomo pale bosi anapokuandikia "njoo ofisini" bila kuongeza neno.

Wanaokidharau hawajui kinavyogharimiwa. Maharage uliyokula mchana huvunjwa hadi protini yake iwe asidi amino. Mojawapo ni fenilalanini, ambayo ini huigeuza kuwa tirosini. Tirosini nyingine huja tayari kwenye chakula. Justus von Liebig, mkemia wa Ujerumani, aliipata kwenye jibini mwaka 1846, kwa hiyo woga wetu una ukoo wa heshima, wa maziwa. Kimeng'enya kinachohitaji madini ya chuma huifanya tirosini kuwa dopa, na dopa ikishapunguziwa kipande huwa dopamini.

Hapa ndipo mashabiki wengi huishia. Dopamini! Kemikali ya hamu na raha, kila mtu anaitaja. Lakini katika tezi za adrenali, vijitu vya gramu chache vilivyokaa juu ya figo, kazi bado. Shaba na vitamini C hushirikiana na kimeng'enya kingine kuifanya dopamini iwe noradrenalini. Kisha kotisoli inayotoka kwenye gamba la tezi hizohizo (yenyewe si mtoto wa asidi amino, imetokana na kolestero) huchochea kimeng'enya cha mwisho, na adrenalini inazaliwa. Wasiwasi, basi, ni raha iliyosoma madarasa mawili zaidi. Anayekuambia "hebu tulia" anakutaka umwage mali iliyosafishwa mara tano.

Tena haina ubaguzi. Simba akitokea kichakani, moyo unakimbia, ini linamwaga sukari kwenye damu, mirija ya hewa inatanuka, mboni zinapanuka. Mwenye nyumba akituma ujumbe wa kodi, unapewa huduma ileile, kamili, bila kupunguziwa hata tone, ingawa hakuna aliyewahi kulipa kodi kwa kutanua mboni. Mtumishi gani mwingine wa mwili anajituma hivyo kwa jambo lisilomhusu?

Hata wakosoaji wake humwita siku ya siku. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kuwa ameitoa adrenalini safi kutoka kwenye tezi za wanyama. Leo mtu akiumwa na nyuki, koo likavimba na shinikizo la damu likaporomoka, daktari hamwambii atulie. Humchoma sindano ya adrenalini pajani, na anayeokolewa hulalamika kwamba moyo unamwenda mbio.

Nayo haidai makazi ya kudumu. Ndani ya dakika mbili tatu hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu, vimeng'enya vinaivunja, na mabaki ya maharage yale ya mchana yanatoka na mkojo, mara nyingi kabla bosi hajamaliza kukueleza kwamba alitaka tu namba ya fundi wa feni.